Namba 1950: kisa cha hesabu ya barafu iliyonikatalia Malindi

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2021 nilikuwa Malindi, mtaa wa Shela, nyumbani kwa wazazi wangu, huku masomo yangu ya uzamifu katika chuo kimoja cha Ulaya yakiwa yamefika katikati. Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa eda. Katika laptopu yangu palikuwa na namba moja, 1950, na ng'ambo palikuwa na watu wawili wakiisubiri waiingize katika kazi yao. Namba hiyo ilikuwa na walakini. Niliushuku walakini huo siku kumi na sita nzima kabla sijamwambia mtu. Siku hizo ndizo ninazotaka kuzichambua hapa. Vijana wa Pwani wanaoniandikia kuhusu kemia ya kompyuta huniuliza juu ya vyuo na ufadhili, na sijapata hata mmoja aliyeuliza mtu hufanya nini hesabu yake ikimkatalia.

Kwanza nieleze namba hiyo ilikuwa ya nini. Kati ya nyota na nyota kuna mawingu ya gesi, na ndani ya gesi kuna vumbi. Vumbi hilo ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa wingu, na chembe yake ya kawaida ina upana wa sehemu moja ya kumi ya maikromita. Panga chembe elfu kumi mstari mmoja ndipo upate milimita moja. Kiini chake ni madini ya silikati au kaboni iliyo kama masizi. Katika mawingu mazito, ambako mwanga wa nyota haupenyi, joto hushuka hadi kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, na chembe huvikwa koti la barafu: maji kwa wingi, pamoja na monoksidi ya kaboni, dioksidi ya kaboni, methanoli, amonia na methani.

Uso wa chembe hizo ndio jiko la kemia yote hiyo. Atomi mbili za hidrojeni zikikutana angani peke yao haziwezi kushikana zikadumu, kwa sababu nishati inayotoka zinapoungana haina pa kwenda, na hiyo hiyo huzitenganisha tena. Zikikutana juu ya vumbi, vumbi huipokea nishati ile na ndoa ikasimama. Gould na Salpeter walilieleza jambo hilo mwaka 1963, Hollenbach na Salpeter wakaliendeleza mwaka 1971, na hadi leo ndiyo maelezo tunayoyategemea kuhusu asili ya molekuli iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni. Monoksidi ya kaboni nayo, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hutua juu ya barafu ikanata. Atomi za hidrojeni huifuata moja baada ya moja, na ikipata ya nne imekuwa methanoli. Watanabe na Kouchi waliuonyesha mfululizo huo maabarani Japani mwaka 2002. Molekuli nyingi kubwa zaidi zinaanzia safari yao hapo.

Lakini yote yanategemea kukaa. Monoksidi ikiondoka mapema, hidrojeni itakuta mwenyeji hayupo. Kwa hiyo swali linalotangulia mengine ni dogo tu: barafu imeishika kwa nguvu gani? Sisi huandika nguvu hiyo ya mshiko kwa kelvini, ingawa hatusemi joto la kitu. Ni nishati iliyovaa kipimo cha joto, kwa kuwa ni rahisi kuilinganisha na joto la wingu. Maabara zilikuwa zikitoa baina ya 1150 na 1400 hivi, kutegemea barafu iliyotumika. Mimi kompyuta ilinipa 1950.

Asiye wa fani anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo, basi tuifanyie hesabu. Chukua chembe iliyo kwenye kelvini 20. Molekuli iliyoshikwa kwa 1150 itakaa juu yake wastani wa miaka 300,000 hivi. Iliyoshikwa kwa 1400 itakaa kiasi cha miaka bilioni 80, na ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8 tu. Pengo la 250, ambalo kwa kemia ya kawaida ni kilojuli 2 kwa moli na watu hulipita bila kugeuka, linatenganisha molekuli inayoondoka na molekuli isiyoondoka abadani. Sasa fikiria pengo la 800.

Au litazame kwa njia ya sayari. Mwaka 2013 darubini za ALMA, kule Chile, zilionyesha kwenye diski ya gesi inayoizunguka nyota changa TW Hydrae mstari ambao nje yake monoksidi huganda juu ya vumbi. Mstari huo uko mbali na nyota yake kiasi cha mara 30 ya umbali wa Dunia na Jua, takriban mahali ilipo Neptuni kwetu. Ukitia 1950 badala ya 1150, na ukichukua kwamba joto la diski hupungua kwa kipeuo cha pili cha umbali, mstari ule unasogea ndani hadi mara 10 hivi. Ni sawa na kuutoa kwa Neptuni ukauweka kwa Zohali. Wale watu wawili waliokuwa wakinisubiri kazi yao ilikuwa hiyo hasa: kujenga kwa kompyuta mfano wa diski nzima, wakichukua namba za watu kama mimi na kuziweka kwenye jedwali.

Nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa nilikotoka kunaeleza kosa langu. Nilianza mbali na anga, ingawa nilizaliwa karibu nayo. Ukoo wa baba ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako Waitaliano waliweka majukwaa yao baharini, na kati ya 1967 na 1988 satelaiti zikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliondoka pale satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za anga, ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Uhuru haikutafuta molekuli. Lakini mtoto aliyekua akisikia kwa baba yake kwamba chombo kile kiliondokea mbele ya nyavu za babu hawezi kuona anga kuwa mali ya watu wengine.

Hata hivyo uzamili wangu ulikuwa wa metali. Kemia ya nyuso hapa duniani ndiyo yenye ajira: vichocheo vya mbolea, vya mafuta, vya moshi wa magari. Gerhard Ertl alipata Nobel yake mwaka 2007 kwa kuonyesha hatua kwa hatua yanayotokea juu ya nyuso hizo, na njia ya kuhesabu kwa msongamano wa elektroni, iliyompa Walter Kohn Nobel ya 1998, ndiyo chombo chetu cha kila siku. Nilisoma monoksidi ya kaboni juu ya platini. Hapo pana fumbo mashuhuri: maabara zinasema molekuli husimama juu ya atomi moja ya platini, ilhali hesabu nyingi za kawaida huipeleka kwenye kishimo kati ya atomi tatu. Feibelman na wenzake waliliweka fumbo hilo wazi mwaka 2001. Nililijua vizuri. Nililiandikia sura nzima. Nami nikatoka humo na tabia moja mbaya bila kujua: platini ni fuwele safi, atomi zake zimepangika safu kwa safu, sehemu zake za kutua zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo nilizoea kwamba uso una jibu moja au mawili. Tena juu ya platini molekuli hiyo imeshikwa kwa nguvu iliyo zaidi ya mara kumi ya ile ya barafu, hivyo makosa madogo yalikuwa yakifunikwa. Nilipohamia barafu ya anga nilihama na tabia zangu zote.

Sasa hali ya nyumbani. Eda ni miezi minne na siku kumi. Chuo kilinikubalia kufanya kazi kutoka Malindi, na kazi yetu inaruhusu, maana hesabu zenyewe hufanyika kwenye sava iliyo mbali. Mimi natuma faili na kupokea faili. Programu niliyotumia, CP2K, ni ya bure, na kwa mtu wa kwetu hilo si jambo dogo. Nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku, kwa sababu bando la usiku ni rahisi na mtandao unakuwa hauna msongamano, natuma kazi, naswali alfajiri, kisha mchana namhudumia mama na kupokea wageni wa kuja kutupa pole. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara. Haya siyataji kama kisingizio. Nayataja kwa kuwa uchovu ulikuwa sehemu ya kisa: mtu aliyechoka anaitaka namba iwe imekwisha.

Namba ilitoka usiku wa Jumatano. Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikaipeleka kwenye jedwali langu, ambamo namba za maabara zilikuwa zimeandikwa kando, na moyo ukashuka. Nikaanza kuitetea. Nikajiambia kwamba barafu ya maabara si barafu ya anga. Nikajiambia kwamba mvuto dhaifu baina ya molekuli niliokuwa nimeuongeza, kwa marekebisho ya aina aliyochapisha Grimme na wenzake mwaka 2010, ndiyo kazi ya kisasa kuliko vipimo vya zamani. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalinichukua siku nyingi. Utetezi wa uongo mtupu hauchukui siku kumi na sita.

Msimamizi wangu aliandika mara mbili kuuliza. Mara ya kwanza nilijibu kwamba nakagua. Mara ya pili nilijibu vivyo hivyo. Makala ilikuwa na tarehe, nami nilikuwa nimeomba nafasi ya utafiti baada ya uzamifu ambayo ilitaka makala hiyo iwe imekwisha tumwa. Wale watu wawili wa diski hawakuuliza kitu. Walinisubiri kwa adabu, na adabu yao ilinielemea kuliko maswali.

Siku ya kumi na tano alikuja mjomba. Kwa kuwa mama alikuwa eda, wanaume walioingia ndani walikuwa maharimu tu, na ndugu yake huyu ni fundi wa nyumba za mawe. Amefanya kazi hiyo tangu ujana, hapa na Lamu. Ukuta wa uani ulikuwa umeachia. Miaka ya nyuma mtu aliupiga lipu ya simiti juu ya mawe ya matumbawe, na simiti haiachi ukuta wa namna hiyo upumue: unyevu unanaswa ndani, lipu inavimba, halafu inabanduka bamba zima. Mjomba alikuja na chokaa. Chokaa ya kwetu ni matumbawe yaliyochomwa hadi yakatoa dioksidi ya kaboni, yakarojwa kwa maji, na ukutani huirudia gesi ile ile kutoka hewani taratibu hadi yakawa jiwe tena. Sijawahi kuchoka kuitazama kazi hiyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako ameshakula?"

"Ameshakula, alhamdulillahi. Mjomba, ukuta wote utakula chokaa kiasi gani? Nipate kumwambia bei."

Hakunijibu. Alilowesha ukuta kwa brashi, akageuza mwiko, akawa anagonga kwa mpini huku sikio liko karibu na jiwe. Akigonga pengine sauti inatoka kavu, pengine inatoka kama ngoma. Penye sauti ya ngoma alitia alama kwa kipande cha mkaa. Alikwenda hivyo kutoka mlangoni hadi kisimani, hatua tisa au kumi, na mkaa ukamjaa vidoleni.

"Wa wote sijui," alisema mwishowe. "Hapa patataka kidogo. Hapa ndani pana uwazi, patakula debe. Na hapa jiwe lenyewe limeoza. Nikikupa hesabu ya hapa, nawe ukaizidisha kwa ukuta mzima, ntakuwa nimekudhulumu."

Sitadai kwamba ukuta ulinifundisha kemia. Jibu la kemia lilikuwa limeandikwa katika makala nilizokwisha zisoma. Watu walikuwa wakisema kwa miaka kwamba mshiko juu ya barafu una mtawanyo, yaani hauna namba moja bali hutofautiana mahali na mahali. Lililonipata ni neno lake la mwisho. Mpaka hapo nilikuwa nikilitazama jambo langu kama kosa la kitaalamu ambalo ningelirekebisha kimya kimya. Sikuwa nimeliona kama dhuluma kwa watu wawili waliokuwa tayari kuizidisha namba yangu kwa diski nzima.

Usiku ule nililichambua kosa. Lilikuwa na tabaka tatu, na ningependa wanafunzi wazitazame kwa mpangilio niliozikuta, kwa sababu ya kwanza ni ya kuona haya na ya tatu ndiyo yenye elimu.

Tabaka la kwanza: molekuli haitulii kamwe. Hata kwenye sifuri kabisa ya kelvini ina mtikisiko wake, na mtikisiko huo una nishati ambayo lazima itolewe katika nguvu ya mshiko. Nilikuwa nimesahau kuitoa. Katika kazi za barafu makato hayo mara nyingi ni kama asilimia 15. Namba ikashuka kutoka 1950 hadi 1660 hivi, kwa kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama.

Tabaka la pili: nilitumia barafu fuwele, iliyopangika vizuri, safu juu ya safu. Barafu ya mawingu ni ya vurugu. Maji hutengenezwa hapo hapo juu ya chembe, kwenye baridi ambayo haiachi molekuli zijipange, kwa hiyo zinakaa kama zilivyoangukia. Nilichagua fuwele kwa sababu kipande kidogo kinachojirudia kinatosha, na kipande kidogo hakili saa nyingi za sava. Nilichagua kilicho rahisi kuhesabika, halafu nikakiita barafu ya anga.

Tabaka la tatu: mahali. Juu ya uso wa barafu kuna molekuli za maji ambazo hidrojeni yake moja haikupata mwenzi wa kushikana naye, ikabaki inaning'inia nje. Monoksidi ikikaribia hapo inashikwa vizuri. Mimi niliiweka hapo hasa, kwa mkono wangu, kwa kuwa kule kwenye platini nilizoea kutafuta mahali panaposhika zaidi na kupaita jibu. Kwenye uso wa vurugu, mahali panaposhika zaidi ni mahali pamoja tu kati ya mahali pengi.

Siku ya kumi na saba, asubuhi, niliandika barua mbili. Ya msimamizi niliieleza yote matatu bila kupamba, nikamwomba saa za sava za kutosha kuanza upya na barafu ya vurugu. Ya wale wawili wa diski niliwaambia wasiitumie namba yoyote niliyowahi kuitaja mdomoni, na kwamba nitakapowaletea kitu huenda kisiwe namba moja.

Msimamizi hakukasirika kuhusu kosa. Alikasirika kuhusu ukimya, na alikuwa na haki. Alinikumbusha kisa cha oksijeni ambacho kila mtu wa fani anapaswa kukijua. Kwa miaka mingi jedwali zilibeba 800 kama nguvu ya mshiko wa atomi ya oksijeni, namba iliyokuwa makadirio tu, na mifano mingi ilijengwa juu yake. Mwaka 2015 He, Vidali na wenzao walipima maabarani wakapata 1660 juu ya barafu ya maji, zaidi ya maradufu. Oksijeni inayoshikwa hivyo haiondoki mapema. Inakaa ikageuka maji, na hilo likawa moja ya maelezo ya kwa nini molekuli ya oksijeni imekuwa adimu sana angani. "Namba ikishaingia kwenye jedwali," aliandika, "hakuna atakayekuja kukuuliza uliipataje." Alinipa saa za sava. Nafasi ya utafiti niliyoiomba alisema wazi kwamba huenda nikaikosa.

Kazi mpya ilichukua wiki saba, na eda ikaisha kabla yake. Niliyayeyusha maji ndani ya kompyuta, nikayapoza ghafla hadi kelvini 10 yasipate nafasi ya kujipanga, nikapata donge la barafu lenye mabonde na vichuguu. Kisha nikaitua monoksidi sehemu thelathini na sita tofauti, bila kuchagua, na kila sehemu nikaihesabu na mtikisiko wake. Sehemu iliyoshika kidogo ilitoa chini kidogo ya 1100. Iliyoshika zaidi ilipita 1800. Nyingi zilirundikana karibu na 1300, palepale maabara zilipokuwa zikielekeza siku zote.

Jambo nililolipenda zaidi lilitoka hapo. Maabara zenyewe hazikuwa zikikubaliana, na hitilafu zao zilikuwa na mpango: aliyemimina gesi kidogo alipata namba kubwa, aliyemimina nyingi alipata ndogo. Mtawanyo unalieleza. Barafu ikipashwa kidogo molekuli hutambaa, zikiwa chache zote zinapata sehemu nzuri, kama watu wa mwanzo kufika barazani wanavyokaa penye kivuli; wakija wengi, wa mwisho wanakaa juani. Namba ya wachache na namba ya wengi zote ni za kweli. Nami niliyekuwa nikiona maabara zinapingana nilikuwa nazisoma kwa macho ya platini.

Sasa hukumu yangu juu ya kisa. Kosa la mtikisiko ni la uzembe na halina cha kujifunza zaidi ya orodha ya ukaguzi, ambayo tangu siku hiyo ninayo. Kwa kosa la fuwele na la mahali sijilaumu sana, kwa kuwa kila anayehamia uso mpya huja na mazoea ya uso wa zamani, na hakuna njia ya kuyajua ila kugongana na maabara. Nisilojisamehe ni zile siku kumi na sita. Siku ya kwanza nilikuwa na habari ya kutosha kuandika mistari miwili: namba imezidi, sijui kwa nini, msiitumie. Mistari miwili hiyo isingenigharimu kitu. Nilikuwa nikingoja niwe na maelezo kamili ndipo niseme, na huko kungoja nilikuita uangalifu.

Nafasi ya utafiti niliikosa kweli. Makala ilitoka karibu mwaka mzima baadaye, na jedwali lake lina mchoro wa mtawanyo mahali palipotakiwa namba. Mmoja wa wale wa diski alilazimika kuandika upya sehemu ya programu yake ili ipokee mtawanyo, na ilimchukua miezi. Leo tunafanya kazi pamoja, na kazi niliyo nayo sasa ilitokana na mchoro ule, si na nafasi niliyoikosa. Kwa kijana anayeuliza kama aingie kemia ya anga au abaki kwenye vichocheo vya viwandani, nasema zana ni zile zile na mtu anaweza kuvuka huku na huku maisha yake yote. Aanze kwenye metali akitaka. Akivuka tu, ajue kwamba barafu haina sehemu tatu za kutua.

Mwaka 2024 zilichapishwa habari kwamba darubini ya James Webb imeona, katika wingu la Chamaeleon I, alama za hidrojeni zile zinazoning'inia bila mwenzi juu ya barafu. Niliisoma makala hiyo Malindi, nimekaa uani, chokaa ya mjomba bado imeshika tangu mlangoni hadi kisimani. Ni kweli basi kwamba sehemu niliyoiweka monoksidi kwa mkono ipo huko juu. Ipo pamoja na nyingine zote.

Kazi iliyo kwenye sava wiki hii ni ya kutambaa: monoksidi hutumia nishati kiasi gani kutoka sehemu moja ya barafu kwenda ya jirani. Mifano mingi hukadiria tu, baina ya asilimia 30 na 80 ya nguvu ya mshiko, na makadirio mapana hivyo hayanifai. Nimepata njia kumi na moja. Ya kumi na mbili inatoa namba nisiyoielewa tangu juzi usiku, na wenzangu nimeshawaandikia.